Sahani ya Kitanda cha Tisa

Mwanangu, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeona lori langu la kwanza likiteketea na magunia arobaini ya viazi juu yake, nikasimama kando ya barabara ya Dundori mikono mfukoni mpaka moto ukaisha wenyewe. Shule niliishia darasa la tatu, na leo watu wenye vyeti ukutani ndio wanaoniamkia kwanza. Sisemi haya kujisifu, ingawa hata nikijisifu sitakuwa nimedanganya. Nayasema kwa sababu maneno hayohayo, kwamba hakuna cha kunishangaza, niliyatamka nikiwa na miaka ishirini na miwili, na siku niliyoyatamka naikumbuka mpaka rangi ya mawingu. Ilikuwa Jumatatu, nasukuma toroli ya chakula katika wodi ya wanawake, hapahapa Nakuru, kwenye hospitali moja ya Waafrika ya wakati wa mkoloni.

Umeniambia unakwenda kusomea uuguzi. Viatu vyeupe nimekununulia, na saa ya mkononi utaikuta ndani ya sanduku. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia, na mdomo wangu, ambao wewe mwenyewe unasema hauchoki, kwa jambo hili unachoka. Kwa hiyo nimeliandika. Ukikuta makosa ya herufi, pitisha macho uendelee.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa mhudumu wa wodi. Si dresa wa kufunga vidonda, si nesi. Nilichukua chakula jikoni mchana na jioni, nikakigawa kitanda kwa kitanda katika wodi mbili, kisha nikakusanya sahani za bati nikazirudisha zikaoshwe. Uji wa asubuhi uligawiwa na mama mmoja wa jikoni. Kwa kuwa nilijua kuandika, nilipewa pia daftari la chakula. Kila mgonjwa alikuwa na mstari wake, na kila mlo niliandika moja kati ya maneno mawili: amekula, au hakula. Wahudumu wenzangu hawakujua kalamu, basi mimi na penseli yangu nyuma ya sikio tulikuwa watu wakubwa. Nilimaliza wodi mbili kabla mwingine hajamaliza moja. Siri ya wepesi huo ni kwamba neno "amekula" nililiandika kulekule jikoni, mstari hadi mstari, toroli haijatoka mlangoni. Sahani zilikuwa zinarudi tupu. Nikajiambia sahani ikirudi tupu, mtu amekula. Nani angebisha?

Mkubwa wa wodi ya wanawake alikuwa Sista Dorka, mama wa makamo kutoka Nyanza, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo hata madaktari Wazungu waliinama kidogo kuisikia. Yeye alikuwa na tabia moja iliyotuchosha sana. Kabla hajafungua bendeji ya mgonjwa, aliuliza kwanza jana alikula nini. Alikuwa akisema dawa kazi yake ni kuua uchafu wa kidonda, lakini nyama mpya inatoka kwenye maharagwe, maziwa na mayai, na mgonjwa asiyekula unampotezea bendeji.

"Barasa," aliniambia, "usipeleke sahani kuoshwa kabla sijaziona."

"Sista, daftari lipo," nilimjibu.

Na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi na manesi watatu tu, akawa anasoma daftari. Mwandiko wangu aliusifu. Aliniambia mwaka ukiisha atapeleka jina langu nikafunzwe udresa. Mwanangu, hujui udresa ulikuwa nini wakati ule. Koti jeupe, chumba chako mwenyewe, na watu kukuita daktari ukipita sokoni.

Sasa, yule mgonjwa wa kitanda cha tisa. Wakati wa Hali ya Hatari, walowezi wa Dundori walikuwa wameondoa Wakikuyu mashambani mwao, wakaleta watu kutoka kwetu magharibi kuchuma maua ya pareto. Baba na mama wa mama yako walikuja hivyo. Mimi nilikuwa nimemwoa mama yako kwa mahari nusu, na kwa kuwa sikuwa na nyumba mjini, yeye aliendelea kukaa na wazazi wake katika kambi ya vibarua wa shamba. Siku moja banda la kukaushia pareto lilishika moto, na nyanya yako Nasimiyu, uliyepewa jina lake, akaingia kutoa maua yaliyoanikwa yasiungue. Alitoka mgongo na mikono yote miwili imeiva. Wakamleta hospitali juu ya gari la maziwa.

Mimi sikuwa na habari. Jumatatu hiyo nikafika kitanda cha tisa na sahani mkononi, nikaona uso, na uso ukaniona. Akavuta blanketi akajifunika kichwa chote, na mikono ile ya bendeji.

Wewe umezaliwa mjini, adabu hii umeisikia tu. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwenzake apite. Hawashikani mikono. Na kula, mmoja akimwona mwingine akitafuna, ni aibu kubwa kuliko kutembea uchi sokoni. Hakuna anayekufundisha hayo, unayakuta.

Mhudumu mwenzangu Kiprono alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji.

"Umesimama kama ng'ombe aliyeona daraja," akaniambia. "Kuna nini?"

"Ni mama mkwe."

Kiprono akacheka, kisha akaacha kucheka. "Basi lete toroli. Mimi nitagawa upande wa wanawake, wewe kaa na wanaume wako."

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia, mwanangu. Alikuwa ameshika mpini wa toroli tayari. Mimi nikamtoa mkono. Nikasema, "Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Hapa ni hospitali, si boma la mtu." Niliona kama nikimwachia, watu watasema Barasa na penseli yake bado anaogopa mambo ya kijijini. Tena Kiprono hakujua kuandika. Daftari angelifanya nini?

Nikamjazia mama mkwe sahani mpaka maharagwe yakamwagika pembeni. "Kula, Mama, upone," nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie. "Chakula kipo. Mimi ndiye nagawa hapa."

Kutoka ndani ya blanketi akajibu, "Asante, mwanangu. Weka tu."

Sahani ikarudi tupu. Jioni vivyo hivyo. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, tupu kabisa, kana kwamba imelambwa. Nikajivunia. Nikamwambia Kiprono, unaona, mila zinakaa kijijini, tumbo linakuja mjini.

Lakini kidonda hakikupona. Sista Dorka akifungua bendeji anatikisa kichwa. Wiki ikapita. Nyama iliyopaswa kuwa nyekundu ilibaki kijivu, na maji yanatoka.

"Barasa, kitanda cha tisa anakula?"

"Anakula, Sista. Tena mimi namwongezea."

"Maharagwe?"

"Yote."

Akafikiri. Akaandika apewe mayai mawili kila siku na maziwa painti moja zaidi. Kesho yake akarudi kuniuliza. "Wamama wengi wa kwenu hawali mayai. Huyu anakula?"

Nikafungua daftari nikamwonyesha. Amekula.

Ijumaa ya pili nilisahau penseli yangu kwenye dirisha la wodi. Nikarudi kuichukua kabla ya wakati wa kukusanya sahani. Nikafika mlangoni nikaona mama mkwe amejisukuma ukingoni mwa kitanda, na kwa kiganja kile cha bendeji anasogeza sahani yake kwa kitanda cha kumi. Hapo kumi alilala Mama Achieng', mke wa mfanyakazi mmoja wa reli, amevunjika mguu. Mama Achieng' akaipokea, akala yai lote mara moja. Mimi nikangoja. Mama mkwe alipojifunika tena, nikaenda upande wa kumi nikainama.

"Mama, hiyo sahani si yako."

"Najua si yangu," akasema Mama Achieng', anajipangusa mdomo. "Mwenyewe ananipa. Kila mchana, kila jioni. Mume wangu akija Jumapili ananiuliza kama nimevunjika mguu au nimepewa likizo ya kunenepa." Halafu akanivuta shati, akashusha sauti. "Nimemuuliza mbona hali. Uji wa asubuhi anakunywa vizuri, mbona hiki hataki. Akaniambia anayeleta ni mkwe wake, na anayechukua sahani ni mkwe wake, atajua ameweka nini mdomoni na amebakisha nini. Kijana wa toroli, ni wewe mkwe?"

Mwanangu, hapa ndipo nataka usome polepole. Nilikuwa na njia nzima mbele yangu. Ofisi ya Sista Dorka ilikuwa hatua ishirini. Ningemwambia, Sista, huyu ni mkwe wangu, weka mtu mwingine amlishe, na yangekwisha siku hiyohiyo. Lakini nikimwambia, atauliza: basi haya uliyoandika siku kumi na mbili ni nini? Daftari litaanguka, na udresa utaanguka nalo.

Nikamjibu Mama Achieng', "Mkwe gani? Mimi simjui."

Nikajaribu ujanja wangu mwenyewe. Nikawa naweka sahani nageuka naangalia dirisha, napiga mluzi, nijifanye sipo. Haukusaidia kitu. Mtu hawezi kujifanya hayupo na viatu vyake vinasikika.

Jumapili mama yako akaja. Alitoka Dundori alfajiri kwa miguu, na chupa ya maziwa ya mgando na pure ya mahindi na maharagwe ndani ya majani ya ndizi. Akaketi kitandani, akamlisha mama yake kwa vidole, kidogo kidogo, na mama akala yote. Mimi niliwaona nikiwa uani, kupitia dirishani. Alikula kama mtoto, anafungua mdomo kabla mkono haujafika. Mchana huo nilipopita na toroli, kitanda cha tisa sikukipa sahani. Daftarini nilikuwa nimekwisha kuandika amekula, na kwa mlo mmoja tu, neno lile likawa kweli.

Mama yako akanitafuta nje, karibu na tangi la maji.

"Mama amekonda," akasema. "Shingo yake imekuwa kamba. Hapa anakula?"

"Anakula."

"Wewe umeona?"

"Nekesa, ukitaka nikuonyeshe daftari."

Nikalileta. Mama yako wakati ule hakujua kusoma hata herufi moja. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda mrefu, mstari wa tisa niliomwonyesha kwa kidole, neno moja limejirudia mpaka pembeni mwa karatasi. Kisha akanirudishia.

"Nyapara amenipa siku hii moja tu," akasema. "Nisiporudi leo, kesho atatunyima tiketi ya kazi na kambini tutatolewa. Lakini ukisema nibaki nimlishe mama, nitabaki. Tutalala hata barabarani. Sema wewe."

"Rudi," nikamwambia. "Mimi niko."

Akafunga chupa yake kwenye leso akaenda. Jumatatu Mama Achieng' akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kitanda cha kumi kikabaki kitupu, na sahani ya tisa ikaanza kurudi imejaa. Nilimwaga mwenyewe kwenye pipa la nguruwe nyuma ya jiko, jioni hiyo, na siku nzima ya Jumanne. Na daftari likaendelea kusema amekula.

Jumatano homa ikampanda, mwili unatetemeka mpaka kitanda kinalia. Sista Dorka akaniondolea sahani mkononi, akachukua kijiko, akaweka pazia kukizunguka kitanda. Nikasubiri nje ya pazia. Alipotoka, sahani ilikuwa na nusu.

"Barasa, nimemlisha mwenyewe. Amekula mpaka akachoka kutafuna. Daftari lako linasema mtu huyu anakula kila mlo. Mtu anayekula kila mlo hawi hivi." Akanitazama. "Ni nani kwako?"

"Ni mama mkwe, Sista."

Alikiweka kijiko juu ya sahani.

"Wewe ulidhani sisi Wajaluo hatuna wakwe?" akasema. "Ulidhani nitakucheka? Mimi ni mama mkwe wa mtu. Mume wa binti yangu hajawahi kuniona nikinywa hata maji. Ungeniambia maneno matatu tu, huyu ni mkwe, ningejua la kufanya."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kuanzia hapo walimlisha usiku na mchana. Maziwa na mayai yaliyopondwa, kila baada ya saa mbili, Sista mwenyewe au nesi wake, na mimi nikakatazwa hata kupita karibu na mlango ule. Alikula, mwanangu. Alikuwa anataka kupona. Lakini sumu ya kidonda ilikuwa imeingia kwenye damu, na mwili haukuwa na kitu cha kupigania. Jumamosi, jua likiwa limepanda vizuri, wamama wa jikoni wakiwa wanaanika nguo, akatulia. Sista Dorka alitoka akaosha mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kisha akaniita ofisini. Hakunipeleka kwa daktari, hakunifukuza. Alifungua daftari pale kitanda cha tisa kinapoanzia, akaweka kalamu ya wino juu yake.

"Andika kilichotokea."

Nikaandika. Siku kumi na sita, mchana na jioni. Nilikata kila neno nililoliandika kwa penseli nikaweka jingine juu yake kwa wino. Ukiondoa mlo ule wa Jumapili, niliandika hakula mara thelathini na moja. Hakuwepo aliyenisimamia. Sista alikuwa anakunja mashuka pembeni. Nilipomaliza akalifunga, akasema, "Kesho wodi ya wanaume, chakula saa sita." Habari ya udresa haikutajwa tena siku zote, na mwezi ulipoisha nikaacha kazi mwenyewe, nikaanza kununua viazi kwa debe kutoka Mau Narok. Hayo ya mbele unayajua, nimeyasimulia kwenye kila harusi.

Tulimpeleka nyumbani magharibi kwa lori la kukodi. Babu yako alikaa mbele na dereva. Mimi na mama yako tulikaa nyuma, jeneza katikati yetu. Tulipopita Timboroa kwa baridi ile, akaniuliza swali moja.

"Ulimwona akila?"

"Hapana," nikasema.

Hakuniuliza la pili mpaka tukafika. Kwenye mazishi niliwaeleza wazee yote, nimesimama, nikatoa ng'ombe kama walivyoamua. Babu yako alisema tu kwamba ningetuma ujumbe, angekuja mtu kukaa na mke wake. Kisha akaniambia nikae chini.

Mama yako hakuniacha. Alikuja Nakuru, tukajenga, mkazaliwa. Wewe umekua ukiona ananitengea chakula mezani, anafunika, anarudi jikoni na kufunga mlango. Uliniuliza ukiwa mdogo, nikakuambia wanawake wa kwetu ndivyo walivyo. Si kweli, shangazi zako wote wanakula na waume zao. Tangu lori lile, sijamwona mama yako akiweka tonge mdomoni. Anajua nakuandikia haya. Hakusema niandike, wala hakusema nisiandike.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Sahani tupu usiiamini. Kaa na mgonjwa umwone anameza, na kama hawezi kula mbele yako, tafuta mtu ambaye mgonjwa ataweza kula mbele yake. Kabla hujamuuliza anakula nini, muulize analishwa na nani. Mgonjwa mwenye adabu atakuambia asante na atalala njaa, na wenye adabu hiyo ni wengi kuliko unavyodhani, makabila yote. Usiandike usichokiona, hata kama mkubwa wako amesimama anangoja, hata kama unajua kesho utakiona. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati mgonjwa bado ana nguvu za kutafuna. Na wewe mwenyewe kula kabla ya kuingia zamu. Sista Dorka hakuwahi kuingia wodini bila kunywa uji wake, alisema nesi mwenye njaa anaharakisha wagonjwa. Mimi sikuwa na njaa, nilikuwa na haraka tu, na haraka yangu ilifanya kazi ileile.

Mungu akupe mikono myepesi na macho mazito. Akupe wagonjwa wanaopona, na wale wasiopona, akupe uwe umefanya yote. Jina la nyanya yako lisikulemee, likutangulie. Nenda kwa amani.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa hesabu, na najua utataka kujua nililipa nini: lori la kumpeleka nyumbani shilingi mia mbili na ishirini, mbao na misumari ya jeneza thelathini na nane na senti hamsini, ng'ombe wa wazee shilingi mia na ishirini. Jumla shilingi mia tatu sabini na nane na senti hamsini.